Mafuta Yakipata Moto

Bakuli la skrepa lilianza kujishusha lenyewe siku ya Jumatatu, saa saba mchana, wakati Mama Skrepa amekaa juu ya mtambo anamenya ndizi. Alikuwa wa tatu kwenye foleni, akisubiri buldoza lije limsukume ajaze udongo. Injini ilikuwa inanguruma, na wenzo wa bakuli alikuwa ameuacha katikati, pale ambapo bakuli likishainuliwa linatakiwa kubaki juu hadi dereva mwenyewe aamue vingine. Akatupa ganda la ndizi chini, akalifuata kwa macho, na hapo ndipo alipoona kwamba mwanga uliokuwa unapita kati ya kisu cha bakuli na ardhi umepungua, na kivuli kimekua.

Akashuka. Akapima kwa mkono: shubiri mbili kasoro. Akamaliza ndizi yake, akapima tena. Shubiri moja na nusu.

"Haya, mwenzangu," akauambia mtambo, "wewe nani kakutuma?"

Skrepa ni mtambo mrefu kama basi, wenye bakuli la chuma tumboni ambalo hushushwa likakwangua ardhi, likajaa udongo, likainuliwa na kwenda kumwaga mahali barabara inapotakiwa kupanda. Kinachoinua bakuli hilo ni mafuta, yanasukumwa na pampu kwa presha kubwa ndani ya silinda mbili. Jina la Mama Skrepa lilitoka kwa mama mkwe wake, tena bila kukusudia. Mwaka mzima bibi yule aliwaambia majirani kwamba mkwe wake yuko kwenye skrepa, na majirani, ambao skrepa waliyoijua ni vyuma chakavu tu, wakawa wanamletea masufuria yaliyotoboka na rimu za baiskeli. Alipoacha kuwakatalia, uani kukawa na lundo.

Foleni iliposonga alijaza, akamwaga, kisha akaenda moja kwa moja karakana kumtafuta Injinia.

Injinia hakuwa injinia. Alikuwa mdogo wa mumewe, fundi wa haidroliki, mtu wa miaka ishirini na tisa mwenye miwani ya jua na ovaroli iliyopigwa pasi. Kazi hiyo aliipata kwa mdomo wa Mama Skrepa, aliyemwendea foromani mara tatu na kusema, "Huyu kijana anajua." Alichokuwa anajua hasa, hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wiki iliyopita ndiye aliyefungua silinda za skrepa hiyo na kubadilisha sili, zile pete laini zinazozuia mafuta yasipenye kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda wa pili.

"Shemeji, bakuli linashuka," Mama Skrepa akamwambia.

"Linashuka ukilishusha."

"Linashuka nikila ndizi."

Injinia akavua miwani, akaipuliza, akaivaa. "Umepima na nini?"

"Na kivuli, kisha na mkono."

"Jua linatembea, shemeji," akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Kivuli lazima kisogee. Hiyo ni sayansi." Mafundi wawili waliokuwa wanafunga tairi wakacheka hadi mmoja akaangusha spana.

*

Asubuhi ya Jumanne, saa moja, Injinia alifanya kipimo mbele ya watu. Akawasha mtambo, akainua bakuli, akazima injini, akaweka wenzo katikati. Akasimama kando, mikono kiunoni, kama mchumba anayesubiri kupigwa picha. Dakika tano. Bakuli halikusogea hata upana wa ukucha. Akatoa fomu, akaandika LIKO SAWA kwa herufi kubwa, akatia sahihi yenye mikia mingi. Foromani akatia yake chini, bila hata kuangalia mtambo, kwa kuwa alikuwa anaongea na simu.

"Mafuta ni ya baridi," Mama Skrepa akasema. "Yamelala usiku kucha, yamekuwa mazito kama uji. Sili mbovu inaweza kuyazuia. Pima saa nane, yakiwa moto, yamekuwa mepesi kama maji."

"Mafuta ni mafuta," Injinia akasema.

"Kitabu cha mtambo kinasema yapimwe yakiwa moto."

"Kitabu!" Injinia akawageukia wenzake. "Mimi nasikiliza mashine. Mashine inaongea. Nyinyi someni vitabu."

Ingeishia hapo, na Mama Skrepa angevumilia kuchekwa, maana alikuwa amezoea. Miaka mitano kwenye mtambo ilikuwa imemfundisha kuishi na watu wanaokuuliza kama mumeo anajua uko huku. Lakini ubaoni mwa karakana, akiwa anatoka, alisoma ratiba ya wiki: Ijumaa, skrepa yake ibadilishwe visu. Fundi: Injinia.

Visu vya skrepa hufungwa kwenye mdomo wa bakuli, kwa chini. Anayevibadilisha huinua bakuli, akajilaza chali chini yake, akafungua nati zaidi ya kumi na mbili. Utaratibu ni kuweka magogo mazito chini ya bakuli kwanza, na pini za chuma za kulizuia lisishuke. Injinia alikuwa na msemo wake kuhusu magogo. Alisema ni ya waoga na wazee wenye miguu mibovu. Aliwahi kulala chini ya bakuli lisilo na gogo hata moja, akipiga mluzi, na mafundi wadogo wakamsifu.

Mama Skrepa akaisoma ratiba ile mara ya pili. Akilini akamwona shemeji yake amelala chini ya bakuli, saa nane mchana, mtambo umetoka kazini na mafuta yake yanachemka.

Akachukua fomu ya ukaguzi wa kila siku, ile ambayo madereva wote walikuwa wanajaza alama za vema toka juu hadi chini bila kusoma, akaandika: *Mtambo usitumike. Bakuli linashuka lenyewe mafuta yakipata moto. Silinda zifunguliwe.* Akapeleka ofisini.

Foromani aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mnene mwenye kitambaa cha jasho begani, na watu walimwita Haraka, kwa sababu ndilo neno aliloanza nalo karibu kila amri.

"Haraka, chukua karatasi yako ukaichane."

"Siichani, mzee."

"Wewe na shemeji yako mmegombana nini huko nyumbani?"

"Hatujagombana."

"Basi mtagombana leo." Akaweka fomu chini ya kikombe cha chai, juu ya ile ya Injinia. "Nakupa Alhamisi, saa nane, upime unavyotaka. Likishuka, nitajua la kufanya. Lisiposhuka, kuanzia Ijumaa unashika bendera barabarani, unasimamisha magari. Na hiyo skrepa nampa mtu asiyesoma vitabu."

*

Injinia alifika nyumbani kabla yake, na kwa hiyo habari ilifika kabla yake, ikiwa imevaa nguo nyingine. Mama Skrepa alipoingia alimkuta mama mkwe wake ameketi kwenye kiti cha sebuleni, kitenge kimefungwa kifuani, uso umeelekezwa ukutani. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa kwenye kona yake anapinda suruali ya mtu, na mguu wake ulikuwa unakanyaga cherehani kwa kasi isiyohitajika.

"Shikamoo, mama."

Mama mkwe hakuitikia. "Mwambie mkeo," akamwambia mwanawe, "kwamba salamu yake nimeisikia."

Mume akainua macho. Mkewe alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa mama yake. "Mama anasema ameisikia," akasema.

"Mwambie pia kwamba mtoto niliyemzaa kwa taabu, nikamlea peke yangu, sikumlea ili aje kuandikiwa barua na mtu anayekula naye sahani moja."

"Mama anasema..."

"Nimemsikia," Mama Skrepa akasema. "Mama, sikumwandikia barua yeye. Nimeandika kuhusu mtambo."

"Mwambie mtambo hauli, hauvai, na haufukuzwi kazi."

Injinia alikuwa mezani, anakula. Alikuwa na uwezo wa kula katika hali yoyote. Hata msibani watu walikuwa wanamhesabia bakuli. "Mimi sina kinyongo," akasema, mdomo umejaa. "Shemeji ana woga tu. Wanawake na mashine kubwa, inaeleweka."

Cherehani ikasimama. "Wewe," mume akamwambia mdogo wake, "hiyo mashine kubwa ndiyo imenunua hicho unachotafuna."

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kusema, na aliposema hivyo alionekana kujishangaa mwenyewe, akarudi haraka kwenye suruali yake.

Mama Skrepa akaketi mbele ya mama mkwe wake, chini, kwenye mkeka, ili bibi asipate ukuta wa kuangalia. "Mama. Ijumaa atalala chini ya hilo bakuli. Udongo ukiwa haumo, lina uzito wa magari manane. Nisipoandika, na likashuka, nitakuja kukuambia nini hapa?"

Bibi akamwangalia kwa mara ya kwanza. Kisha akamwangalia mwanawe wa mwisho, anayelamba vidole. "Lakini yeye anasema halishuki."

"Anasema."

"Na yeye ndiye fundi."

Mama Skrepa akainuka mkekani. Akaenda kuoga. Aliporudi chumbani alikuta mumewe ameacha kitu juu ya mto wake: futi yake ya kamba, ile ya kupimia watu viuno. "Kivuli watakukatalia," mume akasema bila kugeuka. "Hii haijawahi kugombana na mtu, ila wateja walionenepa."

*

Siku ya Alhamisi Mama Skrepa alifanya kazi tangu saa moja asubuhi bila kushuka. Alijaza, akabeba, akamwaga, akarudi, bakuli juu, bakuli chini, mlango wa mbele fungua, funga, hadi mshale wa joto la mafuta ukafika pale unapotakiwa na ngazi ya chuma ikawa haishikiki. Saa nane kasorobo akauleta mtambo uwanja wa karakana.

Mama mkwe wake alikuwa hapo.

Alikuwa amekuja na mwavuli, mkoba na hotipoti. Mlinzi wa lango alikuwa amemkatalia, kwa hiyo bibi akafungua hotipoti na kumwonyesha maharage, akisema hawezi kumwacha mwanawe afe njaa kwa sababu ya sheria za lango, na mlinzi, ambaye alikuwa hajala, akakosa hoja. Mafundi wote walikuwa wamemwamkia kwa adabu. Foromani mwenyewe alikuwa amemtolea kiti cha ofisini chenye magurudumu, na sasa bibi ameketi katikati ya uwanja, mwavuli umefunguliwa, kama mgeni rasmi.

"Mama, umekuja?" Mama Skrepa akasema.

"Nimekuja kumletea mwanangu chakula," bibi akajibu, mara hii bila mkalimani. "Kama kuna mengine yatatokea, nitayaona hapahapa."

Mama Skrepa akainua bakuli hadi kisu kikawa sentimita arobaini kutoka ardhini. Akazima injini. Wenzo katikati. Akashuka na futi, akapima mbele ya foromani, akasoma kwa sauti: "Arobaini." Kitabu kilikuwa kinaruhusu kushuka sentimita tatu kwa dakika tano. Foromani akatazama saa.

Injinia akacheka. Uwanja ulikuwa umejaa watu, mama yake yupo, na yeye hakuwa mtu wa kuacha hadhira ipotee bure. Akachukua hotipoti miguuni pa mama yake, akainama, akaiweka chini ya kisu cha bakuli. "Chakula changu kipo hapo," akatangaza. "Dakika tano zikiisha nakuja kukitoa na kukila. Likishuka, nakula hotipoti yenyewe."

Mafundi wakapiga makofi.

Dakika ya kwanza hakuna aliyeona kitu. Dakika ya pili Mama Skrepa akapima, akasema, "Thelathini na nane na nusu." Kuna mtu akasema futi imepinda. Dakika ya tatu, thelathini na saba. Bakuli halikuwa linaanguka. Lilikuwa linashuka polepole, bila sauti, kama mzee mwenye mgongo mbaya anayeketi kitini. Dakika ya tano: thelathini na nne.

"Imekwisha," foromani akasema. Sauti yake haikuwa na haraka yoyote.

"Ngojeni kwanza," Injinia akasema. "Huwa linatulia."

Wakabaki wamesimama, watu kumi na tano na bibi mmoja, wanaangalia chuma kinavyokaribia maharage. Dakika ya nane na kitu kisu kikagusa kifuniko. Hotipoti ikalia, *tik*, sauti ndogo kabisa. Kifuniko kikaanza kubonyea katikati.

Na hapo Injinia, ambaye alikuwa amejiamini mbele ya kila kitu ila mbele ya kupoteza chakula, akachutama, akapeleka mkono.

Hakuwaza. Baadaye alisema mwenyewe kwamba hakuwaza. Vidole vyake vilikuwa vimeshafika kwenye kishikio pale Mama Skrepa alipomdaka ukosi wa ovaroli kwa mikono miwili na kujitupa nyuma na uzito wake wote. Wakaanguka wote wawili kwenye vumbi, yeye chini, shemeji juu. Kabla hawajatulia, ndani ya silinda kitu kikasema *pfff*, na bakuli likashuka lililobaki kwa mara moja. Ardhi ikatikisika. Chini ya kisu, pale palipokuwa na hotipoti, pakatokea kitu bapa cha plastiki, na maharage yakaruka hadi kwenye viatu vya foromani.

Hata mlinzi wa lango alikuwa ameacha lango.

Bibi akainuka. Kiti chenye magurudumu kikarudi nyuma peke yake hadi ukutani. Akafunga mwavuli, akatembea hadi kwa mwanawe aliyekuwa bado amekaa vumbini, akaanza kumcharaza nao mabegani.

"Mkono! Mkono wako! Mjinga wewe! Kwa ajili ya maharage! Nikupikie mengine, siwezi? Mkono nitakupikia?" Alimpiga mpaka mwavuli ukakunjika, kisha akamshika ule mkono wa kulia, akaukunjua vidole kimoja kimoja, akivihesabu kwa midomo bila sauti. Akafika cha tano. Akakaa chini kwenye vumbi, kando ya mwanawe na mkwe wake, na kitenge chake kizuri.

Miwani ya Injinia ilikuwa imepotea, na bila miwani alionekana kijana mdogo tu.

*

Foromani alipata sauti yake ofisini. "Haraka, huyu anaondoka leo," akasema. "Sitaki muuaji kwenye karakana yangu. Andika hapo: sili zilifungwa vibaya, fundi amefukuzwa."

Mama Skrepa alikuwa bado na vumbi kwenye nywele. Kiwiko chake kilikuwa kinavuja damu. "Niandike na sahihi ya pili?" akauliza.

"Sahihi gani?"

Akainua kikombe cha chai, akatoa fomu mbili: yake, na ile ya Jumanne iliyoandikwa LIKO SAWA. Akazigeuza zimtazame foromani. "Hapa kuna sahihi ya fundi. Hapa chini kuna ya kwako, mzee. Na hii yangu uliyoiwekea kikombe ina tarehe ya Jumanne hiyohiyo. Nikiandika ripoti, ninaiandika yote. Mwandiko wangu unasomeka."

Foromani akafuta jasho. Akafuta tena mahali palepale. Nje, kupitia dirishani, walimwona Injinia amesimama mbele ya mtambo, mikono imelegea, na bibi akimpangusa vumbi mgongoni kwa kiganja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Unataka nini?" foromani akauliza.

"Silinda zifunguliwe upya, zote mbili. Azifungue yeye, niwepo. Akae miezi mitatu chini ya fundi mkubwa, asiruhusiwe kutia sahihi. Na hakuna mtu wa kuingia chini ya bakuli bila magogo, awe nani."

"Na wewe?"

"Mimi narudi kwenye skrepa yangu."

Foromani akaguna. "Kwa nini unamtetea? Kijana alikuwa anakucheka mbele za watu."

"Mzee, mimi ndiye niliyekuja hapa mara tatu kusema anajua," akasema. "Sikumpima. Hilo nalo ni kosa, ila halina fomu."

*

Silinda zilifunguliwa Ijumaa na Jumamosi. Injinia alifanya kazi bila mluzi na bila kuongea. Alipoitoa pistoni ya kulia, sili ilitoka vipande viwili. Ya kushoto ilitoka nzima, na kwenye ukingo wake palikuwa na mchubuko mdogo kama punje ya mchele. Aliutazama, akakumbuka mkono wake mwenyewe, na bisibisi, na jinsi pete ile ilivyogoma kuingia, naye akaisukuma kwa nguvu kwa sababu ilikuwa saa kumi na mpira unaanza saa kumi na nusu. Akaifuta kwa kitambaa. Akaitia mfukoni.

Jumapili jioni, kabla ya chakula, aliitoa na kuiweka mezani. Wote wanne walikuwa wamekaa.

"Ndiyo hii," akasema.

Mama yake akaichukua, akaigeuza kwenye mwanga wa taa, akapitisha kidole kwenye mchubuko. "Kitu hiki tu?"

"Hicho tu."

"Kinabeba lile dude lote?"

"Kikiwa kizima, mama."

Bibi akairudisha mezani taratibu, kama yai. Fundi cherehani naye akaichukua, akaiangalia kwa jicho la mtu wa nyuzi, akasikitika kwa kichwa.

Injinia alikuwa anatazama sahani yake. "Shemeji," akasema, "wewe hujawahi hata kufungua silinda. Ulijuaje?"

"Sikujua," Mama Skrepa akasema. "Nilipima."

Akakubali kwa kichwa. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Akainua shati na kutoa kitabu kilichokuwa kimebanwa kiunoni, kitabu kinene cha mtambo, kurasa zimelowa mafuta, kimeandikwa kwa lugha ya watu wa mbali. Akakifungua penye mchoro wa silinda, akakigeuza, na ikaonekana wazi kwamba hajui upande gani ndio wa juu.

"Fundi mkubwa ananiambia nisome hapa," akasema. Masikio yake yalikuwa yamewiva. "Nimekuwa namwambia nimesoma. Sijasoma. Sijawahi kuweza kukisoma, tangu siku ya kwanza. Michoro naiona kama matumbo ya kuku."

Hakuna aliyecheka, ingawa nafasi ilikuwepo. Mama Skrepa akanawa mikono, akaifuta vizuri, akavuta kitabu karibu. Akaanza na mstari wa kwanza, neno kwa neno kwa lugha ile ngeni, kisha kwa lugha yao, akiweka kidole kwenye mchoro: hapa mafuta yanatoka kwenye pampu, huu ni upande wa pistoni, hii ndiyo njia ya mafuta, sili hulowekwa kwanza kwenye mafuta ya uvuguvugu ili ilainike, wala haisukumwi kwa chuma. Injinia akainama. Midomo yake ilikuwa inarudia.

Mama mkwe alikuwa ameshika mwiko, hajapakua. Aliwatazama kwa muda, wale wawili vichwa vimegusana juu ya meza, chakula kinapoa. Kisha akaweka mwiko chini, akakokota kiti chake hadi upande wa mkwe wake.

"Paza sauti, mama," akasema. "Na rudia pale mwanzo. Pale kwenye pampu mmenipita."